Ildefonsa na Funza wa Watu Wengine

Keza haijawahi kuwa na gazeti, na kwa miaka mingi haikulihitaji, maana ilikuwa na Ildefonsa. Nani anaharisha, mtoto wa nani kaota mapunye kichwani, choo cha nani kimejaa na mwenyewe anajifanya hanusi: habari hizo zilimfikia kabla hajamaliza uji wa asubuhi, na umande ulipokauka kwenye migomba zilikuwa zimeshatoka kwake na kuzunguka kitongoji kizima. Mbele yake watu walimwita Mama Iteka, kwa jina la binti yake aliyekuwa akisoma bweni. Nyuma ya mgongo wake walimwita Wizara.

Cheo chenyewe alikipata kihalali. Kamati ya afya ya kitongoji ilipoundwa, aliitwa kwenye semina mjini Benaco, akala wali na nyama, akarudi na fulana ya kijani iliyoandikwa "Usafi Huanzia Nyumbani". Wajumbe wengine walizipeleka fulana zao shambani, zikafia huko kwenye maharage. Yeye aliivaa sokoni, akaivaa kanisani chini ya kitenge, akaivaa hata kwenye msiba, na alipokuwa amevaa fulana hiyo hakuna mlango ambao hakuusukuma. Alikuwa akiingia na salamu, macho yamekwisha kumtangulia hadi chini ya kitanda.

"Mnaendeleaje humu? Hiki kinachonuka ni nini?"

Wagonjwa walimwogopa kuliko ugonjwa. Akija kumjulia mtu hali, alikaa kitako, akashika kidevu, akamtazama mgonjwa kwa huruma kubwa, kisha akakumbuka marehemu fulani aliyeanza hivyo hivyo.

Nyumba yake mwenyewe ilikuwa mfano. Sebule ilisakafiwa kwa saruji, ikapakwa rangi nyekundu na kung'arishwa mpaka mgeni anauona uso wake akiinama kuvua viatu, na kuvua viatu ilikuwa lazima. Makochi yalivikwa vitambaa vyeupe alivyofuma mwenyewe. Ukutani picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu ilitazama mlango wa nje, na kulia kwake lilining'inia pazia la maua.

Nyuma ya pazia ilikuwa nchi nyingine. Hapo ndipo palipokuwa na jiko, lenye sakafu ya vumbi ambalo halijaonja maji tangu nyumba ijengwe, na ndani ya jiko, kwenye majivu ya vuguvugu, alilala nguruwe. Wezi walikuwa wamepita kitongojini wakaondoka na nguruwe wa watu, na Ildefonsa aliona heri wake alale ndani. Mchana mnyama alitolewa kwa mlango wa nyuma akafungwa migombani, jioni akarudishwa. Wageni hawakuvuka pazia, kwa hiyo nguruwe, kwa upande wa afya ya jamii, hakuwepo.

Mume wake, Pancras, alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja tu alisema, akiwa anatafuta pa kuweka mguu ili afikie chungu cha maharage, "Naona sisi ndio wapangaji humu."

Sasa, nyuma ya kisima aliishi Rozalia, Mama Ishimwe, ambaye mume wake alikuwa kibarua mbali, na aliyebaki akilima na kumtunza baba mkwe wake, mzee Yohanes. Mzee huyo aliingiwa na funza. Sisi huku tunawaita imvunja, na kila mtu wa huku anawajua: kamdudu kadogo kuliko punje ya ulezi, kanatoka kwenye vumbi, kanajichimbia pembeni mwa ukucha, kanavimba huko na kutaga, na mwenye mguu anawashwa mpaka anasahau jina lake. Ildefonsa aliingia kwa Rozalia na fulana yake, akaiona miguu ya mzee kabla hata ya kumwamkia. Alitoa mafundisho yake pale pale. Hilo lingeweza kuishia hapo. Lakini Alhamisi jumuiya ya waumini wa kitongoji ilipokutana kusali, ulipofika wakati wa maombi, yeye alifumba macho na kuinua mikono.

"Kwa ajili ya mama mmoja katika jumuiya yetu," alisali, "simtaji jina, anakaa nyuma ya kisima, ambaye mume wake yuko safarini na baba mkwe wake analiwa miguu na funza kwa sababu ya uvivu wa kumwagia vumbi maji, ili umwangazie umuhimu wa ufagio, ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie," waliitika wote, kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka kuitika, na wengine wakafungua jicho moja kumtazama Rozalia. Rozalia aliitika pia. Aliitika kwa sauti kuliko wote, akachukua ndala zake mlangoni akaenda nyumbani, na jioni hiyo hiyo akamwaga maji, akakandika sakafu upya kwa udongo na samadi, akamkalisha mzee juani akamtoa funza kwa sindano hadi wa mwisho. Tangu hapo hakuja tena jumuiya.

Kiangazi kiliposhika, vumbi la Keza likawa jekundu na laini kama unga. Asubuhi moja Ildefonsa alikuwa jikoni pekupeku akichochea moto, akasikia kidole kidogo cha mguu wa kushoto kikimwasha. Ulikuwa mwasho mtamu na mbaya, wa kusugua kidole kwenye jiwe huku umefumba macho. Aliujua mwasho huo tangu utotoni. Alisimama wima kama mtu aliyetukanwa.

"Nimekanyaga mwiba," alimwambia Pancras, ambaye hakuwa ameuliza.

Wiki iliyofuata miiba ilikuwa imeingia vidole vingine, na kisigino. Pancras alimtazama akijikuna kwa mwiko.

"Nikutoe?"

"Unitoe nini?"

"Hiyo miiba."

"Sina kitu cha kutolewa mimi!" alifoka. "Ni baridi yabisi. Imeandikwa kabisa, inaanzia vidoleni."

Ilikuwa imeandikwa wapi, hakusema. Kwenda zahanati hakuthubutu, maana foleni ya zahanati ndiyo iliyokuwa ikimpa yeye habari nyingi zaidi, na alijua jinsi habari zinavyotoka pale. Kuomba mtu amtoe kwa sindano ilikuwa vibaya zaidi. Hivyo alijitibu. Alipaka mafuta ya taa. Kisha alipaka chumvi na ndimu. Mwisho alichukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, ile ya kuua kupe, akaitia kwenye kopo bila kuipima na kuloweka miguu, na hapo aliruka akakimbia mpaka migombani akipuliza hewa. Funza wachache walikufa. Ngozi ilikufa nao, na palipokuwa na mwasho pakawa na vidonda.

Miguu ikawa haitazamiki, na Jumapili ilikuwa inakuja. Ildefonsa alizitoa buti za mpira za Pancras, zile nyeusi za kufikia magotini, akaziosha, akazivaa, akashusha kitenge juu yake na kwenda kanisani. Jua lilikuwa likiwaka hata mbwa hawabweki.

"Mama Iteka," akina mama walimuuliza nje ya kanisa, "mvua imetangazwa?"

Ildefonsa aliwatazama kwa masikitiko. "Ninyi subirini tu. Wataalamu wanashauri mama wa nyumbani afunike miguu mpaka goti wakati wa kiangazi. Kuna vitu kwenye hewa."

Basi, akili ya watu ni ajabu. Waliomcheka waliondoka wakicheka, lakini Jumapili iliyofuata mama mmoja alikuja na buti za mume wake, na iliyofuata wakawa wengi, wanatembea kwenye vumbi pwata pwata kama bata, jasho linawatoka, kila mmoja anajibu kwa heshima kwamba kuna vitu kwenye hewa. Mpaka kwaya ya akina mama ikaimba ikiwa na buti. Ildefonsa alifurahi kwa kiasi ambacho miguu ilimruhusu.

Lakini buti hazifichi mwendo. Alianza kuchechemea, kisha kutembea kwa fimbo, kisha akawa haendi popote, na kitongoji kilichozoea kuletewa habari kikabaki kuzitunga chenyewe. Mmoja alisema ni sukari. Mwingine alisema ni presha imeshukia miguuni. Ndipo mtu, wala haijulikani nani, akasema ametegewa dawa mlangoni akairuka.

Neno hilo lilimfikia Ildefonsa akiwa kwenye kochi. Angeweza kulikataa. Alilisikia likizunguka sebuleni, akalipima, akaona kwamba mtu aliyerogwa ni mtu anayeonewa wivu, na anayeonewa wivu ana kitu. Aliyeingiwa na funza ana nini?

"Mimi simtaji mtu," alisema, akapangusa jicho. "Ila dunia ina watu wenye kinyongo."

Hapo hakuna aliyehitaji kutajiwa. Nani alikuwa na kinyongo kama si yule aliyeombewa ufagio? Kesho yake Rozalia alipofika kisimani, waliokuwa wakiteka waliokota madumu yao yaliyokuwa nusu wakaondoka. Alipopeleka ndizi kwenye gulio, wateja walipita wakimsalimia kwa mbali na kununua za jirani yake zilizokuwa mbovu. Mtoto mmoja alimkimbia njiani. Maneno ya namna hiyo kwa upande wetu si mchezo, watu wamechomewa nyumba kwa maneno madogo kuliko hayo. Ildefonsa alisikia hayo yote, kwa kuwa aliyasikia yote siku zote. Kwa siku kadhaa yalimkosesha hamu ya kula. Hakuyasahihisha.

Katekista Frednand, mwanaume mwema asiyependa ugomvi, aliamua jumuiya ikasali nyumbani kwa mgonjwa. Walikuja Jumamosi asubuhi wakajaa sebuleni, na safari hii kulikuwa na mlima wa buti mlangoni. Ildefonsa alikaa kwenye kochi la katikati, fulana mwilini, kitenge kimefunika magoti, na yeye peke yake ndani ya nyumba hiyo alikuwa amevaa viatu.

Walikuwa kwenye fumbo la pili la rozari Rozalia alipotokea mlangoni, na nyuma yake mzee Yohanes. Sala ilikatika. Mtu mmoja alijiviringishia rozari yake mkononi haraka haraka.

"Tumsifu Yesu Kristo," Rozalia alisema.

"Milele amina," aliitika Frednand peke yake.

"Shikamoo, mzee," walikumbuka kusema wengine.

"Marahaba, wanangu," alijibu Yohanes, akakaa chini sakafuni bila kuambiwa, akaanza kuipapasa ile saruji nyekundu kwa mshangao.

Rozalia hakukaa. "Nasikia mimi ndiye niliyemtega Mama Iteka. Nimekuja anitaje mwenyewe, mbele yenu na mbele ya huyo," alisema, akauelekeza mkono ukutani kwenye Moyo Mtakatifu. "Akisema ni mimi, nitaondoka Keza."

Ildefonsa alitazama mikono yake.

"Mimi sijamtaja mtu," alisema.

"Basi taja."

Frednand alikohoa. Akaona njia ya amani, akachukua chupa ya maji ya baraka. "Tusibishane, mama zangu. Mama Iteka, vua tu buti nikunyunyizie miguuni. Kama kuna kitu kibaya, kitajidhihirisha."

"Havuliwi mtu hapa!" Ildefonsa aliruka. "Ninyunyizie kichwani. Baraka hushuka."

Hapo ndipo pazia lilipotikisika. Pancras, aliyekuwa ameambiwa akae nyuma awachemshie wageni chai, alikuwa amefungua mlango wa jiko. Baadaye alisema ni bahati mbaya. Nguruwe, ambaye asubuhi hiyo hakutolewa kwa kuogopa wageni wasimwone, aliingia sebuleni na pazia la maua kichwani, akateleza kwenye saruji iliyong'arishwa, akagaragara mpaka kwenye magoti ya mjumbe mmoja wa kamati, akainuka mwenye majivu mgongoni na kusimama katikati ya jumuiya akihema. Pazia lilikuwa limeng'oka lote. Kila mtu alitazama kupitia mlango, akaona jiko, akaona vumbi, akaona pale mnyama alipolala na pale mwenye nyumba anapopikia, na kati ya hapo na hapo palikuwa hatua ya mtoto.

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa afadhali wangecheka.

Ni mzee Yohanes aliyesema kwanza. Alimtazama nguruwe, akazitazama buti, akaelewa kabla ya wasomi wote wa semina.

"Pore, mama," alimwambia Ildefonsa, kwa Kiswahili chake cha l na r kubadilishana viti. "Pore sana. Nawajua hao. Wanawasha kweri kweri."

Uso wa Ildefonsa ulikunjamana. Alilia, na safari hii hakulia kwa ajili ya watu. Pancras alipiga magoti mbele yake, akashika buti ya kwanza, akaivuta taratibu. Harufu iliwafanya waliokuwa karibu wasogee mbali. Vidole vilikuwa vimevimba, kucha zimeinuka, na katikati ya malengelenge ya dawa ya ng'ombe wale wenyeji wengine walionekana, weupe wenye kitone cheusi, wamejipanga kama mbegu.

"Imvunja," alisema mtu, kwa sauti ya chini kama ya kanisani.

Rozalia alitazama kwa muda mrefu. Wengine walidhani ataondoka. "Leteni sindano," alisema, "na moto, na maji ya moto yenye sabuni."

Alikaa kwenye kigoda, akauweka mguu wa Ildefonsa kwenye paja lake, akaipitisha sindano kwenye mwali wa kiberiti na kuanza kazi. Lakini lazima ielezwe vizuri alivyoifanya. Hakuharakisha. Kila funza aliyemtoa mzima alimwinua kwenye ncha ya sindano, juu, kwenye mwanga wa dirisha, akageuka nusu mzunguko ili waliokaa upande huu na waliokaa upande ule wamwone sawasawa, ndipo akamtia motoni, kamdudu kakapasuka *ta*. Kisha akarudi kwa mwingine. Frednand, asijue la kufanya, aliendelea na rozari pale alipoishia, na watu wakaitikia "Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu" macho yao yakiwa kwenye sindano.

Mguu wa pili ulipokuwa nusu, Ildefonsa alijikusanya. Alihisi ni juu yake kusema neno. Alimgusa mwenzake begani.

"Mama Ishimwe," alisema kwa unyonge, "mimi nimekusamehe."

Sindano ilisimama.

"Umenisamehe nini?"

"Yale maneno watu waliyosema."

Rozalia aliinama, akamchagua mmoja mkubwa wa kisiginoni, na kwa huyo sindano ilikwenda chini kidogo kuliko ilivyohitajika. Ukelele wa Ildefonsa ulisikika mpaka barabarani, na nguruwe akakimbia nje.

Mchana Pancras alimpeleka zahanati kwa pikipiki. Muuguzi alisafisha vidonda, akamchoma sindano ya kuzuia pepopunda, akampa dawa, na alipoambiwa habari ya dawa ya ng'ombe aliuliza kama mama huyo amewahi kupata elimu yoyote ya afya. Pancras alitazama fulana ya mkewe akasema hana hakika.

Habari ilizunguka bila Ildefonsa kuisambaza, na ilikwenda kasi kuliko zake zote. Jioni ile ile Keza ilivua buti. Waliokuwa wameondoka na madumu nusu kisimani walirudi wakamsaidia Rozalia kujitwika lake, wakizungumza sana juu ya hali ya hewa, na kwenye gulio ndizi zake ziliisha kabla ya saa nne kwa watu waliosema tangu mwanzo hawakuamini. Rozalia alipokea salamu zao kama zilivyokuja. Kamati ya afya ilimfuata achukue nafasi ya Ildefonsa iliyobaki wazi. Aliwakaribisha maji ya kunywa, akawaambia, "Mimi sakafu yangu inanitosha. Nikianza kukagua za wenzangu, nani atakagua hii?"

Pancras alijenga banda la nguruwe nyuma ya migomba, akamwaga jiko zege. Alifanya yote hayo akiwa peke yake nyumbani, akipiga mluzi, kwa sababu Ildefonsa alikuwa ameona ni vema akapumzike kwa mdogo wake, Irine, aliyeolewa Bisibo huko Biharamulo, ambako watu hawakuwa wamesikia.

Na kweli hawakuwa wamesikia. Wakasikia sasa. Mara miguu ilipoanza kukanyaga, Ildefonsa alisimama baada ya misa ya huko na kuwasimulia jinsi mtumishi wa afya alivyoumia akihudumia nyumba chafu za Keza, jinsi alivyoingiwa na funza wa watu wengine kwa sababu ya kutowabagua, na jinsi alivyojitolea atolewe hadharani ili jamii ijifunze. Akina mama wa Bisibo walitikisa vichwa kwa huruma. Mmoja alifuta machozi. Wiki hiyo hiyo Ildefonsa alianza ukaguzi na jiko la Irine, akahamia kwa mama mkwe wa Irine, akamuuliza bibi wa watu, bila shikamoo, hiki kinachonuka humu ni nini.

Haukupita muda, Bernardo, mume wa Irine, alimpigia simu Pancras.

"Mwanyumba," alisema, kwa sauti ya mtu aliyejificha shambani ili apate kuongea, "habari za huko? Mgonjwa wako amepona. Amepona kabisa. Njoo umchukue."

Pancras alikuwa amekaa nje ya jiko lake jipya, miguu ameinyoosha kwenye zege, anakula maharage kwa utulivu.

"Hapana, mwanyumba," alisema. "Msimharakishe. Ugonjwa huo hurudi."